Barua ya Udahili Haikukosewa: Shaka ya Wanaohamia Vyuo Vikuu Vyenye Ushindani

Kila mwezi wa Aprili, kampasi za Chuo Kikuu cha California huwajibu maelfu ya wanafunzi walioomba kuhamia huko wakitokea vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, na aliyekubaliwa hupewa hadi tarehe 1 Juni kuthibitisha kama atakwenda. Kwa anayetazama kutoka nje, hayo ni majuma ya sherehe. Kwa wengi wanaohusika ni majuma ya shaka nzito kuliko ile waliyokuwa nayo mwezi Novemba walipokuwa wakijaza maombi, kwa kuwa wakati ule walikuwa wamejiandaa kukataliwa, na kukubaliwa hakukuwa katika hesabu zao. Mwanafunzi aliyekaa miaka miwili au mitatu katika chuo cha jamii, akisoma mchana na kuhudumia wazee majumbani zamu ya usiku, hupokea barua ya kampasi ya Berkeley au ya Los Angeles (UCLA) na jambo la kwanza linalomjia ni kwamba huenda faili lake halikusomwa vizuri. La pili ni kuanza kutafuta sababu za heshima za kutokwenda.

Vijana wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoishi Marekani wanalijua jambo hili kwa karibu, kwa sababu wengi wao huanzia vyuo vya jamii. Hesabu yenyewe inawasukuma huko. Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa kila krediti, yaani kipimo cha uzito wa kozi, katika chuo cha jamii, hivyo krediti 60 zinazohitajika kabla ya kuhama humgharimu dola 2,760 za ada, kiasi ambacho hakifikii hata robo ya ada ya mwaka mmoja wa chuo kikuu. Familia iliyofika kwa bahati nasibu ya viza, au iliyopitia kambi ya wakimbizi kabla ya kupokelewa Marekani, haina sababu ya kuchagua njia nyingine. Lakini njia iliyochaguliwa kwa busara ya fedha hugeuka baadaye kuwa ushahidi ambao kijana huutumia dhidi yake mwenyewe: kama ningekuwa na akili za kutosha, anajiambia, ningeingia moja kwa moja.

Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba shaka hii huchanganya maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa. Moja ni kama mtu anastahili kuwapo mahali alipokubaliwa. Jingine ni kama amejiandaa kwa kazi inayomngoja huko. La kwanza limekwisha kujibiwa na watu waliopewa jukumu la kulijibu. La pili bado liko wazi, na jibu lake hupatikana kwenye orodha ya kozi, ratiba na bajeti. Tatizo ni kwamba wengi hutumia miezi yote miwili kulihangaikia la kwanza, kisha hufika chuoni Septemba wakiwa hawajaligusa la pili.

Tuanze na hilo la kustahili, kwa sababu ndilo lenye historia inayosahauliwa. Mwaka 1960 jimbo la California lilipitisha mpango mkuu wa elimu ya juu, ambao Clark Kerr, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California, alikuwa miongoni mwa wasanifu wake wakubwa. Mpango ule uliwagawa wahitimu wa sekondari katika mafungu: asilimia 12.5 ya juu wangeweza kuingia Chuo Kikuu cha California, theluthi ya juu wangeweza kuingia vyuo vikuu vya jimbo, na wengine wote wangekaribishwa katika vyuo vya jamii. Kabla ya hapo milango ya taasisi hizo mbili za juu ilikuwa wazi zaidi. Ilipobanwa, ilibanwa kwa ahadi ya wazi kwamba atakayefanya vizuri miaka miwili katika chuo cha jamii atapokelewa chuo kikuu mwaka wa tatu. Mpango uliagiza hata uwiano wa wanafunzi, kwamba miaka miwili ya juu iwe na asilimia 60 na miaka miwili ya chini asilimia 40, ili nafasi za wanaohamia ziwepo tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, jimbo liliamua kwamba ni nafuu kwake kuwafundisha vijana wengi masomo ya awali karibu na nyumbani kwao, kisha kuwapeleka chuo kikuu wakiwa wamekomaa. Anayefika Berkeley kwa njia hiyo amefuata barabara iliyochorwa rasmi zaidi ya miaka sitini iliyopita, na kiti anachokalia kilikusudiwa mtu kama yeye.

Wapo wanaojibu hoja hii kwa takwimu za udahili. Katika miaka ya karibuni UCLA imekuwa ikiwakubali takriban asilimia 9 tu ya wanaoomba mwaka wa kwanza, ilhali kwa wanaohamia kiwango huwa karibu na robo. Wanaohamia huzisoma tarakimu hizo na kuona aibu, kana kwamba wameingia wakati mlinzi amegeuza uso. Usomaji huo haufai, kwa kuwa unalinganisha makundi mawili yasiyofanana. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kutuma maombi hata kama hana matumaini, mradi alipe ada ya maombi. Anayeomba kuhamia amekwisha kupita chujio refu: amekamilisha krediti zake, amemaliza kozi za msingi za fani yake, ambazo kwa sayansi zinaweza kuwa kalkulasi yote, fizikia na kemia, na amedumu katika taasisi ambayo wengi walioanza naye wakiwa na nia hiyohiyo hawakufika hatua ya kuomba. Mchujo mkubwa ulifanyika kabla ya fomu kujazwa. Tarakimu ya mwisho inaonyesha sehemu ndogo tu ya mchujo huo.

Kuhusu kinachotokea baada ya kufika, matokeo hayana utata mkubwa. Zaidi ya asilimia 80 ya wanaotoka vyuo vya jamii vya California na kuhamia Chuo Kikuu cha California hupata shahada ndani ya miaka minne, kiwango kinachokaribiana na cha wale waliokianza chuo hapohapo. Kamati ya udahili, basi, haibahatishi inapowachagua. Ina kumbukumbu za miongo mingi za watu wa aina yao.

Hata hivyo tarakimu haziondoi hofu, na ni lazima tuulize kwa nini. Sehemu ya jibu kwetu sisi iko katika namna tulivyolelewa kuuangalia mtihani. Aliyesoma Kenya amekua akijua kwamba alama ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne ndiyo mpaka wa kuingia chuo kikuu, na kwamba mpaka huo humfuata mtu maisha yote katika mazungumzo ya jamaa. Aliyesoma Tanzania ameona matokeo ya shule nzima yakitundikwa mtandaoni, kila namba ya mtahiniwa na daraja lake, na hadi Baraza la Mitihani lilipoacha utaratibu huo mwaka 2023 alizoea kusikia shule kumi bora na watahiniwa kumi bora wakitangazwa kwa taifa zima. Katika malezi hayo, mtu hupimwa mara moja, na kipimo hicho huchukuliwa kuwa yeye mwenyewe. Wanaopanda kwa cheti, kisha stashahada, kisha shahada, huitwa wavumilivu, lakini ni nadra kuitwa werevu. Kijana anayebeba mtazamo huo hadi Marekani hawezi kuiamini kwa urahisi barua inayomwambia kwamba miaka miwili ya kazi yake ina uzito kuliko jioni moja ya mtihani miaka mingi iliyopita. Naamini huu ni mojawapo ya urithi mzito zaidi ambao mifumo yetu ya elimu imetuachia, na unawaumiza watu ambao tayari wameonyesha kwa vitendo kwamba mtihani ule haukuwapima sawasawa.

Sehemu nyingine ya jibu iko Marekani kwenyewe. Mwaka huohuo wa 1960 mwanasosholojia Burton Clark alichapisha uchunguzi uliotokana na chuo kimoja cha jamii huko San Jose, akieleza jinsi chuo kinavyoweza kupunguza matumaini ya mwanafunzi kidogo kidogo: mtihani wa kumpanga katika madarasa ya marekebisho, kikao na mshauri wa masomo, kisha ushauri wa upole kwamba aangalie fani fupi zaidi, hadi mwenyewe afikie uamuzi wa kushusha lengo na kuamini kwamba ni wake. Vyuo vimebadilika tangu wakati huo, na washauri wengi hivi leo huwapigania wanafunzi wao. Lakini mtu aliyewahi kuambiwa kwa upole aangalie mahali panapomfaa zaidi hasahau. Anapopata nafasi kubwa, husikia sauti ile tena na kuidhani ni yake.

Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes walieleza mwaka 1978 hali ya wanawake zaidi ya 150 wenye mafanikio makubwa, wakiwamo wenye shahada za uzamivu, ambao waliamini kwamba wamewadanganya watu wote wanaowasifu. Kila ushindi mpya uliongeza hofu ya kugunduliwa. Maelezo hayo yamewasaidia wengi, nami siyadharau. Ninachokipinga ni namna yanavyotumiwa siku hizi, pale mwanafunzi anapoambiwa kwamba ana tatizo la kujiamini na kwamba dawa ni kujiamini zaidi. Ushauri huo unaacha mambo halisi yaliyomzunguka yakiwa hayajatazamwa, na baadhi ya mambo hayo yanatosha kumtia hofu mtu yeyote mwenye akili timamu.

Chukua suala la kalenda. Vyuo vingi vya jamii vya California, ukiacha vichache kama De Anza na Foothill, hufundisha kwa mihula ya takriban majuma 16 hadi 18. UCLA na kampasi nyingine nyingi za Chuo Kikuu cha California hugawa mwaka kwa robo, kila robo ikiwa na majuma kumi ya kufundishwa kabla ya juma la mitihani. Mtihani wa kwanza unaweza kuja juma la tatu au la nne, wakati mgeni bado anatafuta njia ya kwenda maktaba. Alizoea kwamba juma la tatu ni la kujipanga. Sasa juma hilohilo linaamua sehemu kubwa ya alama zake. Berkeley na Merced pekee ndizo zinazofuata mihula ya kawaida. Hapa hofu isiyochunguzwa huonyesha madhara yake, kwa sababu yupo mwanafunzi atakayeikataa UCLA na kuchagua kampasi ya Irvine au ya Davis kwa kudhani kwamba mwendo huko ni wa taratibu zaidi, kumbe anakwenda kukutana na majuma yaleyale kumi. Yupo pia atakayeikimbia Berkeley kwa ajili ya jina lake, ilhali kalenda yake ndiyo iliyo karibu zaidi na ile aliyoizoea.

Jambo jingine ni alama. Krediti za chuo cha jamii huhamia pamoja na mwanafunzi, lakini wastani wake wa alama hauhami. GPA ya chuo kikuu huanza upya siku anapofika. Aliyefika na wastani wa 3.9 kati ya 4 hana akiba yoyote ya kumkinga. Mwenzake aliyeanza mwaka wa kwanza hapohapo ana miaka miwili ya alama nyuma yake, zikiwamo za kozi nyepesi za mwanzo, hivyo muhula mmoja mbaya humtikisa kidogo tu. Mgeni akipata wastani wa 2.7 katika robo ya kwanza, hiyo 2.7 ndiyo historia yake yote katika chuo hicho. Zaidi ya hayo, anaingia moja kwa moja kwenye kozi za mwaka wa tatu, ambazo ndizo ngumu kuliko zote, na anaketi na watu waliokwisha kuunda makundi ya kusomea pamoja tangu mabwenini.

Kushuka kwa alama katika muhula wa kwanza kumejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1965 John Hills alikusanya tafiti nyingi zilizofanyika hadi wakati wake kuhusu wanaohama kutoka vyuo vya miaka miwili, akaonyesha kwamba kushuka huko ni jambo la kawaida na kwamba wengi hupata nafuu kadiri wanavyoendelea. Ninalitaja hili kwa sababu lina maana kubwa kwa anayejitilia shaka. Yeye hufika akiwa na swali moyoni, na alama ya kwanza huja kama jibu: nilijua tu. Asipoambiwa mapema kwamba alama hiyo ni ya kawaida kwa mtu aliyehama, ataichukua kuwa uthibitisho wa jambo aliloliogopa tangu Aprili, na ataacha kwenda kumwona profesa saa anazokaa ofisini kupokea wanafunzi, kwa kuogopa kuonyesha asichokijua. Kutokwenda huko ndiko kutakakomshusha zaidi. Shaka hujitengenezea ushahidi wake kwa namna hiyo.

Kwamba maelezo ya mapema yanaweza kuzuia mzunguko huo si dhana tupu. Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011 jaribio ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu chenye ushindani mkali walisoma, kwa muda wa saa moja hivi, maelezo ya wakubwa wao kwamba karibu kila mtu hujihisi mgeni mwanzoni na kwamba hali hiyo hupita. Kwa wanafunzi weusi waliolisoma hilo, alama ziliendelea kupanda kwa miaka mitatu, na pengo kati yao na wenzao weupe likapungua kwa nusu. Jaribio kubwa zaidi lilifuata na matokeo yake yakatolewa mwaka 2023, likihusisha vyuo 22 na karibu wanafunzi 27,000, nalo likaongeza sharti ambalo wakuu wa vyuo wangepaswa kulisoma mara mbili: maelezo hayo yalisaidia mahali ambapo chuo chenyewe kilikuwa na nafasi halisi za watu kama hao kujisikia wenyeji. Pasipo nafasi hizo, maneno mazuri hayakuzaa kitu. Hivyo chuo kinachowaandikia wageni barua za kuwatia moyo, kisha kikawapangia siku ya kuchagua kozi baada ya nafasi zote kujaa na kuwaacha wakitafuta chumba mjini kwa bei wasiyoimudu, hakijawasaidia.

Limebaki suala la uamuzi wenyewe, na hapa sitaki kumsukuma mtu. Kukataa nafasi katika chuo kikubwa kunaweza kuwa uamuzi sahihi kabisa. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger, katika utafiti wao wa mwaka 2002, waliwalinganisha watu waliokubaliwa katika vyuo vinavyofanana lakini wakachagua kwenda tofauti, wakakuta kwamba kwa wengi kipato cha baadaye hakikutofautiana sana kwa sababu ya ukubwa wa jina la chuo. Mwenye mama mgonjwa nyumbani, au aliyepata ufadhili mnono mahali pengine, au ambaye fani yake inafundishwa vizuri zaidi katika kampasi isiyo maarufu, hana deni kwa mtu yeyote. Lakini utafiti huohuo ulibainisha kundi ambalo kwao chuo chenye ushindani kilileta faida ya wazi, nalo ni la wanaotoka familia zenye uwezo mdogo; utafiti wa baadaye wa wachumi hao ukaongeza waliozaliwa na wazazi wenye elimu ndogo. Maelezo yaliyo karibu ni kwamba mtoto wa wakili atakutana na mawakili hata asiposoma popote, na mtoto wa dereva wa teksi atakutana nao chuoni. Wanaofaidika zaidi, kwa hiyo, ndio haohao wanaojitilia shaka zaidi, na hilo ndilo linalonifanya niiandike makala hii kwa uzito.

Watu wetu humkumbuka Barack Obama kwa Harvard, na ni wachache wanaokumbuka kwamba alihamia Columbia mwaka 1981 baada ya miaka miwili katika chuo kidogo cha Occidental, Los Angeles. Simleti kama ushahidi, kwa kuwa mtu mmoja hathibitishi chochote, ila kuonyesha jinsi hatua ya kuhama inavyofutika katika simulizi mara tu mtu anapofanikiwa, na hivyo wanaoifuata baadaye hukosa kuwaona waliowatangulia.

Wazazi nao wana nafasi yao. Barua inapofika, habari huenea katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo kabla ya jua kuzama, na shangazi aliye Mwanza au Bujumbura hutoa shukrani kanisani au msikitini. Furaha hiyo ni halali yao. Lakini kijana ambaye jina lake limekwisha kutangazwa hana tena mtu wa kumwambia kwamba anaogopa, kwa sababu kila anayemwendea humjibu kwa sifa. Baba anayesema "mwanangu, wewe huwezi kushindwa" amefunga mlango bila kukusudia. Angemsaidia zaidi kwa kuuliza mambo yanayojibika: kozi zipi za hesabu umezipita muda mrefu kiasi cha kuzisahau, utaishi wapi, tutapunguza wapi ili usifanye kazi zaidi ya siku mbili kwa wiki katika robo ya kwanza, na ni nani mwingine kutoka chuo chako aliyehamia huko mwaka jana ambaye unaweza kumpigia simu.

Maswali hayo yana majibu kabla ya Septemba. Aliyepita kalkulasi miaka mitatu iliyopita anaweza kuirudia majira ya joto kwa gharama ndogo au bila gharama. Anayeingia UCLA anaweza kuanza na krediti 12, kiwango cha chini cha mwanafunzi wa muda wote, badala ya kujitwisha 16 au zaidi ili kuthibitisha kwamba hakukubaliwa kwa makosa. Anaweza pia kumwendea profesa katika juma la kwanza, kabla hajawa na tatizo lolote la kueleza, ili juma la nne, alama ya kwanza itakapotoka, asiwe anabisha hodi kwa mtu asiyemfahamu.